Nasaba Isiyo na Mama

Kila shajara ya nasaba ya Pwani niliyowahi kukunjuliwa ina pengo lilelile: haina mama. Huanza na jina la mwenye karatasi, ikapanda "bin" juu ya "bin", mababu kumi, kumi na wanne, ishirini, hadi kwa sharifu wa Hadhramaut, au mfanyabiashara wa Muscat, au mwana wa mfalme aliyetweka tanga kutoka Shirazi. Wino mara nyingi ni mzuri, na mwandiko ni wa mtu aliyejua anachokifanya. Lakini kila "bin" imefunika tumbo moja, na matumbo hayo hayana majina.

Nimekaa na karatasi hizi miaka mingi, kwa kazi na kwa mapenzi. Ya kwetu, iliyotoka Pangani, ina majina tisa. Bibi yangu mzaa baba aliyajua yote kwa moyo na aliyataja mbele ya wageni bila kukwama. Majina ya upande wa pili aliyataja jikoni tu, akipepeta mchele, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika sebuleni. Kiswahili kina maneno mawili kwa jambo hili: kuumeni na kukeni, jamaa wa upande wa baba na jamaa wa upande wa mama. Lugha iliziona pande mbili, karatasi ikaandika mmoja. Uamuzi huo umetufanya tujijue nusu, na nusu tuliyoiacha ndiyo iliyotupa lugha tunayoizungumza.

Machi 2023 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti ulioligusa jambo hili moja kwa moja. Mkenya Chapurukha Kusimba, aliyechimba magofu ya Mtwapa kwa miaka mingi, na wenzake wa elimu ya vinasaba, akiwamo Esther Brielle na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, walichunguza mabaki ya watu 80. Wengi walizikwa katika miji sita ya Pwani kati ya mwaka 1250 na 1800, Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara ikiwamo. Wengine walitoka mji mmoja wa bara, nao ni wa baada ya 1650. Napenda kwamba Kiswahili kiliziita chembe hizo vinasaba, yaani nasaba ndogondogo, kwa sababu ndivyo zilivyo: shajara ambayo hakuna mwandishi aliyeihariri.

Na shajara hiyo ilisema nini? Kwamba kwa wengi wa watu wale wa mijini, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka kwa Waafrika, na Waafrika hao walikuwa zaidi wanawake. Sehemu kubwa iliyobaki, ambayo kwa baadhi yao ilipita nusu, ilitoka Asia. Ndani ya sehemu hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, na kiasi kidogo Bara Hindi. Kuchanganyika kulianza kufikia mwaka 1000 hivi, zama zilezile Uislamu ulipoenea katika miji ya Pwani. Baada ya 1500 ndipo asili ya Arabuni ilipozidi kuonekana.

Wataalamu wanajuaje nani alikuwa baba na nani mama? Kuna sehemu ya vinasaba, ile ya mitokondria, ambayo mtoto huipata kwa mama peke yake, na kuna kromosomu Y ambayo mwanamume huirithi kwa baba peke yake. Ukiangalia ya kwanza katika mifupa ile unakutana na Afrika, karibu kila mahali. Ukiangalia ya pili, unakutana zaidi na ng'ambo ya bahari. Shajara zetu za karatasi zilifuata kromosomu Y peke yake, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuijua.

Ni lazima niseme na mipaka ya ushahidi huu. Makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa ya watu wenye nafasi, waliozikwa karibu na misikiti, kwa hiyo hayatoi habari za kila mvuvi na kila mkulima wa ng'ambo ya mkondo. Wala asilimia za damu hazimwambii mtu yeye ni nani. Hata hivyo zimevunja ubishi wa muda mrefu. Waandishi wa zama za ukoloni walisema wageni ndio waliojenga miji yetu na Mwafrika alikuwa mtazamaji. Baadhi ya wasomi waliowafuata, kwa hasira ya haki, wakasema Ushirazi ulikuwa hadithi ya kujipamba. Mifupa imewakatalia wote wawili. Wazee waliosema "sisi Washirazi" hawakusema uongo. Walisema nusu.

Na cha ajabu ni kwamba ile nusu nyingine imo ndani ya masimulizi yenyewe, ukiyasoma polepole. Mreno João de Barros, aliyechapisha juzuu ya kwanza ya historia yake mwaka 1552, aliifahamu tarikhi ya Kilwa. Katika simulizi yake, Ali, mwanzilishi wa ufalme wa Kilwa, alikuwa mmoja wa wana saba wa sultani wa Shirazi, na ndugu zake walimdharau kwa sababu mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi ilhali mama yao wao alikuwa wa ukoo mkubwa wa Kiajemi. Dharau hiyo ndiyo iliyomfanya aihame nchi yake, apande chombo, afike Kilwa. Tuache kando swali la kama mambo yalitokea hivyo hasa. Watu wa Kilwa waliosimulia asili ya ufalme wao walimweka mwanamke wa Kiafrika kwenye chanzo cha safari, hata kabla jahazi halijang'oa nanga.

Mapokeo ya Kilwa Kisiwani, yaliyoandikwa kwa Kiswahili baadaye, yanaongeza mwanamke wa pili. Mgeni alimkuta kisiwani mwenyeji aitwaye Mrimba, akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote, na akamwoa binti wa Mrimba. Binti akazaa mtoto wa kiume, na utawala ukatulia kwa mjukuu huyo. Wengi hukumbuka zile nguo. Mimi naona kiungo cha hadithi ni ndoa: nguo zilinunua ardhi, lakini aliyempa mgeni kizazi chenye haki ya kukaa pale ni mke wake. Mambo ya Pate yanasimuliwa hivyohivyo. Mnabahani alikuja kutoka Oman, akaoa binti wa mfalme wa Pate, na ufalme ukahamia kwake. Mabinti hawa wawili waliozaa nasaba za kifalme hawana majina katika nakala ninazozijua.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mwanamume aliyekuja na msimu wa kaskazi hakuwa na mke wa kwao wa kumlelea watoto. Watoto walilelewa na mama, na khalati, na nyanya mzaa mama, nyumbani mwa wajomba. Ndiyo maana lugha ya miji hii haikuwa Kiajemi. Kiswahili ni Kibantu, ndugu wa karibu wa Kigiriama, Kipokomo na Kikomoro. Baba zetu wa Kiajemi walituachia maneno machache tu, bandari likiwa mojawapo, na walituachia Nairuzi, ile sherehe ya mwaka mpya ambayo Makunduchi bado wanaiogea na kuichezea kwa jina la Mwaka Kogwa. Uti wa mgongo wa lugha, yaani jinsi ya kumwita ndugu na ngeli zenyewe, ulitoka kukeni. Mtu anayejivunia ufasaha wa Kiswahili chake anamsifu bibi ambaye shajara yake imemficha.

Kwa nini akafichwa? Sababu ya kwanza ni ya kisheria na haina ubaya wowote. Katika Uislamu mtoto hunasibishwa na baba, na jina la baba humlinda katika mirathi na ndoa. Zaidi ya hapo, sheria ilimfanya mtoto wa suria kuwa huru na mwenye nasaba kamili ya baba yake, sawa na mtoto wa mke wa ndoa, na suria aliyezaa hakuweza kuuzwa tena. Katika dunia ya utumwa hiyo ilikuwa rehema kubwa. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, alipofariki mwaka 1856, watoto wake waliokuwa hai, kwa mujibu wa binti yake Salme, walikuwa 36, na wote walizaliwa na masuria. Mama yake Majid alikuwa Msharkasi, mama yake Barghash Mhabeshi, na wote wawili walikalia kiti cha Unguja bila mtu kuuliza habari za mama zao. Sheria iliyompandisha mtoto hivyo ilimfanya mama asihitajike kutajwa. Salme mwenyewe, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani, ndiye aliyerudi nyuma na kuandika jina la mama yake, Jilfidan, katika kitabu alichokichapa mwaka 1886. Alikiandika kwa Kijerumani, mbali na kwao.

Sababu ya pili inauma zaidi, na imo katika methali tunayowafundisha watoto: mwacha asili ni mtumwa. Tunaitumia kumkaripia anayedharau mila. Lakini isikilize tena. Inatoa maana ya mtumwa: mtu ambaye asili yake imekatika. Katika miji yetu ya karne ya 19 mwungwana alikuwa mtu mwenye ukoo wa kumdhamini, na mtumwa alikuwa na jina moja, Mabruki au Feruzi au Zafarani, likifuatiwa na jina la bwana wake. Mateka waliotolewa Unyasa, Uyao na Manyema walifika Bagamoyo, Kilwa Kivinje na Pangani wakiwa na baba, mama, koo na miiko yao. Yote hayo yalifutwa sokoni. Aliyekuja karibuni aliitwa mjinga, aliyezaliwa nyumbani mwa bwana aliitwa mzalia, na hata mjukuu aliyekuwa huru kabisa aliweza kunong'onezwa neno hilo siku ya posa.

Utumwa uliondolewa Unguja kwa amri ya mwaka 1897. Amri hiyo iliwaacha nje masuria. Walihesabiwa kama wake, kwa hiyo hawakupewa haki ya kudai uhuru kama watumwa wengine, na ilibidi wangoje hadi amri nyingine ya mwaka 1909. Kwa hiyo kuna familia nyingi za Pwani ambazo mama wa babu hakuwa mtumwa wa kutajwa wala mke wa kutajwa. Alikuwa kati, na walio kati ndio wanaosahaulika upesi.

Siwalaumu waliomnyamazia. Bibi yangu alipoteremsha sauti jikoni alikuwa anawalinda wajukuu wake. Alijua siku watakapopeleka posa, wazee wa upande wa pili watauliza kufu, na jina moja la kutoka Unyasa lingetosha kuuvunja mkutano. Kunyamaza kwake kulikuwa huruma ya wakati wake. Sisi wa leo hatuna tena sababu hiyo, ila tumeirithi aibu bila kurithi hatari iliyoizaa.

Wanaosema kwamba nasaba ni damu na damu haibadiliki, napenda wasome tawasifu ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, aliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili. Alipokuwa akisonga ndani ya Kongo katika miaka ya 1870, alipata habari za Kasongo, mfalme mzee wa Utetera, ambaye dada zake walitekwa zamani wakapotea. Tippu Tip akajitungia bibi. Akadai kwamba mmoja wa dada wale alichukuliwa na babu yake mzaa mama, akawa suria wake, akamzaa mama yake, kwa hiyo yeye ni mjukuu wa nyumba ile. Mzee akaamini, akampokea kama damu yake, akamkabidhi utawala wa Utetera. Anasimulia yote hayo waziwazi. Mjakazi wa Kiafrika, ambaye kwingine angefutwa, hapa alitafutwa na kubuniwa kwa sababu alikuwa ufunguo wa nchi yenye pembe za ndovu. Utumwa wa bibi haukuwa aibu pale ulipoleta faida.

Serikali nazo zimejua kazi ya nasaba. Unguja ya Waingereza ilimhesabu kila mtu kwa kabila, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula ulifuata makundi hayo, kwa hiyo mtu kujiandikisha Mshirazi au Mwarabu lilikuwa pia jambo la chungu cha nyumbani. Mwaka 1957 neno Shirazi likaingia katika jina la chama cha siasa, Afro-Shirazi. Kenya, watu waliozaliwa Kwale na Kilifi waliulizwa kwa miaka mingi babu zao walizaliwa wapi kabla ya kupewa kitambulisho. Wamakonde walitembea kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa, na Wapemba walingoja hadi Julai 2023.

Wapo jirani zetu ambao hawakupotea njia hii. Mluguru huzaliwa katika lukolo, yaani ukoo wa mama yake, na ukoo wa baba anaubeba pembeni kama mtala wake, hivyo kila mtoto anatembea na pande mbili kinywani. Ngazidja, kisiwa cha Komoro chenye Waislamu watupu na masharifu wengi, ardhi na nyumba za manyahuli hupita kwa mabinti, mama hadi binti, na baba wa Kingazidja hujenga nyumba akijua ni ya bintiye. Sheria ya dini na mila ya kukeni zimekaa pamoja pale karne nyingi. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kumtaja mama ni kuvunja dini.

Kwingine imebidi mahakama iingilie. Uhaya, mwanamke aliyerithi shamba la ukoo kwa baba yake aliruhusiwa kulitumia maisha yake yote, si kuliuza. Holaria Pastory aliliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, jamaa wa ukoo akashtaki, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila ile inapingana na haki zilizomo katika Katiba. Jina la mwanamke yule sasa linasomwa na kila mwanafunzi wa sheria Tanzania. Ukoo uliotaka asihesabike umeingia katika vitabu kwa sababu yake.

Hilo linanipeleka kwenye suala la kinachobaki mtu akiondoka. Msichana aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880 aliitwa Mtumwa na wazazi wake. Hakuwa na karatasi ya "bin" wala "binti" ya kukunjua mbele ya mtu. Alikuja mjini kuuza vyungu, akaimba, mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na leo kila mwanataarabu humwanzia yeye, Siti binti Saad. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Wapo masharifu wangapi wa Unguja ya siku zake wanaokumbukwa nje ya nyumba zao?

Lakini sitaki mtu aelewe kwamba nasaba haina kazi. Habib Saleh alikuwa sharifu wa Jamalilail, alizaliwa Ngazidja, akahamia Lamu, na kwa nasaba yake angeweza kuishi maisha ya kubusiwa mkono. Yeye alikwenda Langoni, upande wa wasio na ukoo, akawasomesha waliokuwa watumwa na watoto wao elimu ambayo waungwana wa Mkomani waliiona ni yao peke yao. Walimchukia kwa hilo. Riyadha, msikiti na chuo alichokianzisha, kimesimama hadi leo na Maulidi yake huijaza Lamu kila mwaka. Nasaba yake aliifanya mlango, na hayo ndiyo matumizi bora ya nasaba ninayoyajua.

Basi namwomba msomaji jambo moja, na lifanyike kabla ya Idi ijayo, kwa sababu wenye habari hizi wana miaka themanini na tisini. Nenda kwa mkubwa kuliko wote kwenu, hasa mwanamke. Usimwulize "sisi ni kabila gani," kwa maana jibu lake limeshaandaliwa tangu zamani. Mwulize mama yake alimwitaje mama yake. Mwulize bibi huyo alizikwa wapi, alipika chakula gani ambacho majirani hawakukipika, alilia kwa lugha gani alipofiwa. Akiteremsha sauti, usimkatize. Hapo ndipo habari ilipo. Yaandike majina kwenye karatasi ileile ya mababu, kwa wino uleule, si nyuma yake.

Mimi nimeanza. Katika shajara yetu ya Pangani yenye majina tisa, sasa wameingia wanawake watatu. Wa nne, mama yake babu wa babu yangu, nilichopata ni kwamba alitoka Unyasa na kwamba aliwaimbia watoto kwa maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Jina lake sijalipata. Nimemwachia mstari wake.